Rauta ya FreeBSD inazimia kila mvua ikinyesha. Nimebadili RAM, nimebadili inveta, bado. Wajuzi wa kerneli njooni

fundi_sakina (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mwenye haraka apite, uzi ni mrefu.

Niko Arusha, nahangaika na mitandao midogo midogo: hosteli, maduka, shule moja ya chekechea. Upande wa Ilboru kuna hosteli ya wageni, wanafikia sana wapanda mlima. Pale niliweka rauta niliyoiunda mwenyewe: kakompyuta ka mtumba kasiko na feni, kori nne, RAM GB 4, ndani mfumo endeshi wa FreeBSD na pf, ukuta wake wa kulinda mtandao. Intaneti kuu inakuja kwa faiba, ikikatika kuna modemu ya 4G ya USB inashika zamu. Mwaka mzima haikunisumbua, nikawa natembea kifua mbele.

Tangu masika yaanze, inajizima na kujiwasha. Si kila siku. Wiki hii mara nne, wiki ijayo haifi kabisa. Mama mwenye hosteli (namheshimu sana, alinipa kazi nikiwa sina hata koleo la kubania kebo) ananipigia: "Mwanangu, kile kikopo chako kimezimia tena." Nikifika kimeshaamka, taa zote kijani, wageni wako kwenye simu zao, mimi nimesimama na begi kama muuza vitenge aliyekosea mtaa.

Nilianza kwa kulaumu umeme. Mvua ikishuka kutoka Meru umeme unacheza, mwenyeji yeyote anajua. Lakini kompyuta iko kwenye inveta yenye betri. Nikaitoa, nikaweka ya nyumbani kwangu, familia ikalala giza siku mbili. Ikafa vilevile.

Nikaamua nione inakufa ikisema nini. FreeBSD ikipaniki, yaani kiini chake (kerneli) kikishindwa kuendelea, huandika sababu kwenye skrini, inasubiri sekunde 15, kisha inajiwasha upya. Rauta haina skrini, kwa hiyo mwaka mzima ingeweza kuandika wosia wake hewani. Nikachomeka skrini ya zamani, nikamwomba dada wa mapokezi akiona maandishi meupe yamejaa apige picha haraka. Siku ya tatu akanitumia. Picha imetikisika, katikati kuna mng'ao wa taa, ila inasomeka: Fatal trap 12: page fault while in kernel mode. Yaani kerneli imegusa anwani ya kumbukumbu ambayo haina kitu nyuma yake.

Picha ya pili, baada ya siku tano: trap 12 tena, anwani nyingine kabisa. Ya tatu, nyingine tena. Kwa nilivyofundishwa, mdudu wa programu hurudi palepale kama ng'ombe kwenye zizi lake. Anwani zikirukaruka, shuku RAM. Nikaacha memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha, ikamaliza mizunguko minne, makosa sifuri. Sikuamini. Nikanunua kijiti kipya cha RAM, elfu arobaini na tano. Kesho yake ikafa.

Hapo ndipo nilipo. Nawasilisha.

mbege_baridi

Umeme huo. Tafuta fundi umeme, kerneli mnaisingizia bure.

kitochi_cha_babu

Naweka kiti hapa. Sijaelewa hata sentensi moja ila nimependa dada wa mapokezi.

dengelua

Mkuu, Linux ipo tangu 1991 na inatumika kila kona. Huyo FreeBSD wa 1993 hapa Arusha anatumiwa na nani zaidi yako? Hamia Linux, lala.

fundi_sakina

@dengelua anatumiwa na mimi na mama. Nikihamia Linux sitajua kilichokuwa kinaniua. Na kama ni RAM au ubao, nitakuwa nimehama nyumba na panya wangu.

rau_river

Fundi, salamu kutoka Moshi, huku nako inanyesha.

Picha ya skrini ni sawa na kumwona marehemu dirishani. Unahitaji mwili wenyewe. Kerneli ikipaniki inaweza kumwaga kumbukumbu yake kwenye swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM), na ikiamka programu ya savecore inalihamisha hilo dampo kwenda /var/crash, jina lake vmcore.0. Bila sehemu ya swap hakuna pa kumwaga. Nahisi ulifunga mfumo kwenye flashi ndogo bila swap, mafundi wengi wa rauta tunafanya hivyo kuokoa nafasi. Weka diski yenye swap, kwenye faili la mipangilio, rc.conf, andika dumpdev="AUTO", kisha sakinisha kifurushi cha gdb, humo ndani mna kgdb ya kusomea dampo. Usisubiri mvua: jaribu kwa amri ya sysctl debug.kdb.panic=1. Itakufa papo hapo na utaona kama dampo linapatikana. Fanya usiku wageni wamelala.

Pia jenga kerneli yenye INVARIANTS, yaani inayojikagua zaidi ikiwa kazini. Itakuwa nzito kidogo, ila ina sababu nitakayokwambia ukishaleta dampo.

La mwisho ni swali tu. Hiyo modemu inakula umeme wapi?

fundi_sakina

@rau_river kwenye habu ya USB.

rau_river

Na habu inakula wapi?

fundi_sakina

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa.

Swali la pili la rau_river lilinikuta kwenye hiace napita Mianzini. Nikashuka, nikarudi Ilboru kwa mguu. Mwaka jana modemu ilikuwa inasuasua ikichomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, maana 4G ikitafuta mnara kwa nguvu inavuta umeme kuliko tundu la USB linavyoweza kutoa. Nikaweka habu yenye adapta yake. Ile adapta nikaichomeka kwenye ekstensheni ya TV ya mapokezi. Ekstensheni hiyo haiko kwenye inveta.

Kwa hiyo umeme ukipepesa macho, kompyuta haisikii kitu. Modemu ndiyo inazimika na kuwaka. Kwa macho ya kerneli, ni mtu amechomoa modemu na kuichomeka tena, mara tatu, mara nne kwa jioni moja ya mvua. @mbege_baridi nakupa nusu ya maksi.

Ningeweza kuhamishia adapta kwenye inveta nikaondoka. Nilishika hata plagi. Lakini kuchomoa kifaa cha USB hakupaswi kuua kompyuta, popote pale, nikairudisha ilipokuwa ili dampo lipatikane.

Lilipatikana siku ya nne. Kerneli ya kawaida hiyo, ile ya INVARIANTS nilikuwa bado naijenga nyumbani. Ndani ya dampo kuna zile jumbe za mwisho ambazo logi ya kawaida haikuwahi kuziandika diskini kabla ya kufa, na mstari wa mwisho kabla ya paniki ni modemu kukatika. Pengo ni chini ya sekunde mbili. Nikaruka ruka.

Kisha nikafungua kgdb, nikaandika bt ili nione nyayo, nani alimwita nani mpaka ikafa. Chini handleevents, juu yake callout_process, halafu kifo. Modemu haimo. Draiva ya USB, programu inayoongea na kifaa, haimo. Hiyo callout_process ni msimbo wa kerneli yenyewe, sehemu ya saa. Nimefurahi kidogo, niseme kweli: fundi wa Sakina amekamata mdudu ndani ya saa ya FreeBSD. Nimeshaanza kuandika ripoti ya kuwapelekea.

rau_river

Iache kwanza hiyo ripoti. Saa ya kerneli inapita hapo mara maelfu kwa kila sekunde kwenye mashine za dunia nzima. Aliyejikwaa kwenye maiti njiani alfajiri siye aliyeua.

Nieleze kwa namna yangu. Draiva ikitaka kuamshwa baada ya muda, inaandika karatasi ya kengele na kuitundika kwenye mnyororo wa saa. Karatasi haimo kwa saa, imo ndani ya kumbukumbu ya draiva yenyewe, na kila karatasi ina namba ya inayofuata. Chukulia kundi la mchezo wa kupeana hela ambapo kila mwanachama ana namba ya simu ya mwenzake mmoja tu. Mmoja ahame mji, aitupe laini bila kuaga. Kampuni inaiuza ile namba kwa mtu mwingine. Leo ukipiga anapokea muuza mkaa wa Pasua, kesho anapokea mchungaji. Ujumbe wa kundi unaishia kwa mgeni, naye anakujibu upuuzi.

Ndiyo maana anwani zako zilikuwa zinarukaruka mpaka ukanunua RAM. Kumbukumbu iliyoachiwa inagawiwa upya kwa yeyote, na saa inasoma takataka za mpangaji mpya ikidhani ni namba inayofuata.

Sasa INVARIANTS. Kerneli hiyo kumbukumbu ikiachiwa inaijaza alama moja, deadc0de, mwanzo mpaka mwisho. Ni tarakimu za heksadesimali zilizopangwa zisomeke kama maneno, "msimbo mfu". Ni kama kampuni ya simu iache ile sauti ya "namba unayopiga haipatikani" badala ya kuuza laini. Ukifa hapo, utakuta alama hiyo mkononi.

Dau langu: utapata trap 9 badala ya 12.

dengelua

Linux nayo ina mchezo huo, ukiwasha inajaza 6b 6b 6b. Natoa taarifa tu, sitaki ugomvi.

fundi_sakina

Wakuu. Jana saa moja na robo jioni, radi moja tu juu ya Ilboru.

Fatal trap 9: general protection fault while in kernel mode. Nikafungua dampo, nikatazama rejista, vile vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa: 0xdeadc0dedeadc0de. Nilikaa nikaitazama ile namba mpaka chai ikapoa. Hii ya trap 9 nimeielewa baadaye: kwenye prosesa hizi za biti 64, anwani ya kawaida inatumia biti 48, na za juu lazima zifanane na ya mwisho ya hizo 48. Anwani inayoanza na dead haifuati utaratibu huo, kwa hiyo prosesa haihangaiki hata kuitafuta kwenye jedwali, inaikataa mlangoni. Trap 12 ni kwenda kwenye nyumba usikute mtu. Trap 9 ni anwani isiyo ya mtaa wowote.

Sasa karatasi ya nani? Nikarudi nyuma kwenye dampo, nikaangalia ukubwa wa kile kipande kilichoachiwa, nikalinganisha na kumbukumbu ya draiva ya modemu. Vinaingia kwenye kapu moja la ukubwa. Ushahidi wa mazingira huo, najua, lakini draiva ile si ya asili. Mwaka jana niliichukua pamoja na kiraka (msimbo wa kuiongezea kazi) kilichowekwa humuhumu jukwaani, kinachosoma nguvu ya mtandao kila sekunde moja ili nione grafu. Kila sekunde, yaani kengele.

Nikafungua kiraka. Sehemu ya kuondoka kwa kifaa: anashika kufuli (linalozuia wawili kugusa kitu kimoja kwa pamoja), anaita callout_stop, anaachia kufuli, anarudi zake. Kumbukumbu inafutwa nyuma yake.

mzee_taminali

Kiraka hicho ni changu.

Nimesoma uzi wote toka juu nikiwa na wasiwasi, na ulipofika hapo nikajua tu. Kwa utetezi wangu: callout_stop si kosa la kipuuzi, inasimamisha kengele. Na modemu yangu hapa Njiro haijachomolewa tangu nilipoinunua. Nilijaribu kila kitu isipokuwa kuondoka.

rau_river

Shikamoo mzee. Inasimamisha kengele inayosubiri, hapo hujakosea. Haisubiri iliyokwisha kuanza kulia. Tazama: kori namba moja, sehemu moja ya prosesa, inaendesha kengele yako, imefika kwenye kufuli, imesimama foleni. Kori namba mbili inaondoa kifaa, kufuli analo yeye, anaita callout_stop, anadhani kazi imekwisha, anaachia kufuli. Kori namba moja inaingia, inasoma nguvu ya mtandao wa modemu ambayo haipo, na mstari wake wa mwisho ni ule wa kujitundika tena kwa sekunde inayofuata. Umeshamuaga mgeni, kumbe ameacha begi. Sekunde moja baadaye saa inafika.

Inataka mpishano wa muda mdogo sana, ndiyo maana haifi kila umeme ukicheza.

mzee_taminali

Marahaba. Nimekuelewa, na nimekuelewa kwa uchungu. Nabadilisha iwe callout_drain, hiyo husubiri mpaka iliyoanza imalize. Fundi, nipe nusu saa.

fundi_sakina

Nimeweka. Kabla ya hapo niliona nisitegemee radi. Nikapandisha kengele ya kiraka cha zamani kutoka mara moja kwa sekunde hadi mara mia moja, ili mpishano uwe rahisi kutokea. Mjukuu wa mama, yuko darasa la tano, nikampa kazi ya kubonyeza swichi ya ekstensheni: zima, hesabu tano, washa, hesabu kumi. Ujira soda. Kiraka cha zamani kilikufa mara ya saba. Kijana akaniuliza kama ameharibu kitu.

Kisha kiraka kipya cha mzee. Zima, washa, zima... mara ya kumi na moja hakikufa. Kiliganda. Kompyuta iko hai, naweza kuandika kwenye kibodi, faiba inapita, lakini upande wote wa USB umekuwa jiwe. Modemu imerudi na haionekani. Mzee, umeweka drain ndani ya kufuli?

mzee_taminali

Nimebadilisha neno moja tu palepale lilipokuwa.

rau_river

Ndiyo ugonjwa. Unashika kufuli halafu unamsubiri mtu amalize, na huyo mtu anasubiri kufuli ulilonalo. Mtakaa hapo mpaka Krismasi. Kerneli yenye WITNESS, mkaguzi wa makufuli, ingewapigia kelele hapo. Itoe drain ikae nje ya kufuli: shika, weka alama kwamba tunaondoka, achia, ndipo uite drain. Na kwenye kengele yenyewe, akishapata kufuli aitazame ile alama kabla ya kujitundika tena.

Mimi binafsi ningetumia callout_init_mtx tangu mwanzo. Ukiifunga kengele na kufuli lako namna hiyo, callout_stop ikiitwa huku umelishika inaaminika, maana saa yenyewe ndiyo inayoshika kufuli na kuangalia kama umeghairi kabla haijaita kazi yako.

mzee_taminali

Napendelea drain. Anayesoma msimbo anaona kwa macho kwamba tunasubiri. Hiyo nyingine imejificha mbali, mtu akija kubadilisha kufuli mwaka kesho hatajua amevunja nini.

rau_river

Na anayekuja mwaka kesho akirudisha drain ndani ya kufuli?

mzee_taminali

Nitaandika maelezo juu yake kwa Kiswahili na herufi kubwa.

kitochi_cha_babu

Mimi niko upande wa mzee. Sijui kwa nini.

fundi_sakina

Nimeweka cha tatu, drain nje ya kufuli, na alama ya kuondoka. Kengele ikiwa bado mara mia kwa sekunde, mjukuu kabonyeza mara sitini, soda tatu. Haikufa, haikuganda. Nikarudisha kengele mara moja kwa sekunde. Ni juzi hiyo.

Jana usiku ilinyesha kweli, ile ya kufunga barabara. Umeme ulicheza mara tano, nimehesabu kwenye logi: modemu imeondoka mara tano, imerudi mara tano. Rauta haikuhama. Asubuhi nimempitia mama, nikamwambia tatizo limepatikana. Akauliza lilikuwa nini. Nikafungua mdomo nianze na mnyororo wa saa, nikamwangalia, nikasema, "Adapta ya TV, mama." Akasema alijua, ile TV ina mkosi tangu ilipoletwa.

Kerneli ya INVARIANTS naiacha wiki mbili zaidi, uzito wake sijauona kwenye kasi ya pale. Adapta nimeihamishia kwenye inveta leo, sasa sina tena sababu ya kuitesa. Mzee, kiraka chako kipandishe upya palepale pa zamani, kuna wengine wamekichukua kama mimi na huenda sasa hivi wananunua RAM.

mzee_taminali

Nimepandisha. Maelezo ni ya herufi kubwa kama nilivyoahidi. Jina la rau_river limo, kama hajali.

rau_river

Sijali. Nitaandika init_mtx yangu kwenye nakala yangu kimyakimya.

mbege_baridi

Kwa hiyo ulikuwa umeme.

dengelua

Fundi, ile RAM ya zamani iliyokuwa nzima muda wote iko wapi?

fundi_sakina

Imerudi kwenye rauta. Naiuza hii mpya, GB 4, imetumika siku kumi na saba, elfu thelathini na tano. Napatikana Kilombero mchana, aliye serious aje PM.

kitochi_cha_babu

Elfu ishirini na tano, na mjukuu anywe soda.